Uso, Mwanga na Programu: Mjadala wa Wapiga Picha wa Ridhaa

Picha ya sura, yaani picha ambayo lengo lake ni kumwonyesha mtu mwenyewe, uso wake na hali yake, wala si shughuli anayoifanya au mahali aliposimama, ndiyo ambayo wengi hutamani kuimudu wanaposhika kamera kwa mara ya kwanza, na ndiyo inayowavunja moyo mapema kuliko picha za aina nyingine. Mlima ukitoka vibaya haumlalamikii mtu. Uso ukitoka vibaya, mwenyewe huomba picha ifutwe hapohapo. Mjadala unaofuata unamhusu mtu anayejifunza kazi hii kwa ridhaa, kwa maana ileile inayotumika katika ndondi na kandanda: anafanya kwa mapenzi, halipwi, na hana mteja anayemhesabia saa. Swali linalogawa pande ni kama mtu wa namna hiyo aanze kwa kujifunza mwanga na kamera, au aanze na programu za kuhariri picha, ambazo siku hizi zimo ndani ya simu tangu inapotolewa kwenye boksi. Chini ya swali hilo limelala jingine zito zaidi, nalo ni kwamba uso wa mtu ubadilishwe hadi kiwango gani, na kwa ruhusa ya nani.

Sauti tatu zimeundwa kwa ajili ya mjadala huu, na hakuna hata moja inayomwakilisha mtu fulani. Ya kwanza ni ya Fundi, aliyelelewa katika studio za enzi za mkanda, wakati picha ilipigwa leo na kusafishwa kesho, na kosa likajulikana baada ya mteja kwenda zake. Ya pili ni ya Mhariri, kijana aliyejifunza kila kitu kwenye skrini. Ya tatu ni ya Mwenye Sura, yaani yule anayekaa mbele ya lenzi, ambaye vitabu vingi vya ufundi huu humtaja kana kwamba ni sehemu ya samani za studio. Mwandishi ataingilia kati panapohitajika, na haoni sababu ya kuficha upande anaouegemea.

Fundi anafungua

Fundi anaanza kwa hoja kwamba kamera hupokea mwanga uliougonga uso na kurudi kwenye lenzi, na hicho tu, kwa hiyo anayetaka kupiga sura bila kuuelewa mwanga anatafuta matokeo huku ameliacha chimbuko lake. Anatoa mfano wa jua la saa sita mchana katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako jua hukaa karibu na utosi: paji la uso na ncha ya pua hung'aa, macho huzama katika mashimo ya kivuli, na kidevu huangusha giza shingoni. Mtu huyohuyo akisogezwa hatua tatu hadi barazani, uso hubadilika kabisa, kwa kuwa pale anapata mwanga uliosambaa kutoka angani na ule unaorudishwa na ukuta wa ng'ambo. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, zenye vichochoro vyembamba na kuta zilizopakwa chokaa, zimejaliwa sifa hii kwa wingi, kwani ukuta mweupe unaopigwa na jua upande mmoja wa kichochoro hugeuka kuwa taa pana na laini kwa aliyekaa upande wa pili. Hapo Fundi anaongeza tahadhari ambayo wanaoanza huchelewa kuipata: ukuta ukiwa wa kijani, shavu lililoelekea upande huo litapata ukijani, na kanga nyekundu iliyofungwa kifuani itapandisha wekundu chini ya kidevu. Jicho la mtu limezoea kusamehe rangi hizo, lakini kamera huziandika zote kama zilivyo.

Kwa asiye na baraza wala studio, Fundi anaona dirisha moja linatosha kwa miezi ya mwanzo, mradi jua lisiingie moja kwa moja na anayepigwa picha akae ubavu kwa dirisha, ili upande mmoja wa uso upate mwanga na wa pili upate kivuli kiasi. Shuka nyeupe iliyoshikwa upande wa kivuli hurudisha sehemu ya mwanga na kulainisha giza. Umbali nao una hesabu yake: kwa chanzo kidogo cha mwanga, umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaofika hupungua hadi robo, na ingawa dirisha pana halitii kanuni hiyo kikamilifu, mwanafunzi atakayemsogeza mtu kutoka dirishani kuelekea ndani ya chumba, huku akipiga picha kila hatua, ataiona kazi ya kanuni hiyo kwa macho yake.

Umbali wa kamera wenyewe Fundi anaupa uzito uleule. Kosa la kawaida la simu, kwa maoni yake, linatokana na mkono: mtu anapojipiga picha, simu huwa karibu mno na uso, na kilicho karibu na lenzi, yaani pua, huonekana kikubwa kuliko masikio yaliyo nyuma. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba picha ya umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 zaidi, ilhali kwa umbali wa mita moja na nusu upotoshaji huo huwa kama haupo. Hii ndiyo sababu wapiga picha wa sura hupenda lenzi ya milimita 85, kwani humruhusu mpigaji asimame mbali kiasi hicho na bado uso ujaze fremu. Lenzi hiyo, hata hivyo, ina mtego wake. Tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, likifunguliwa hadi f/1.8 kwa umbali wa mita moja na nusu, sehemu inayoonekana kwa ukali kutoka mbele hadi nyuma ni kama sentimita 3 tu, na mwanafunzi aliyelenga ncha ya pua atapata pua safi na macho yenye ukungu. Walio katika kazi hii hulenga jicho lililo karibu na kamera, na Fundi hana mjadala na mtu juu ya hilo.

Anafunga hoja yake kwa kumtaja Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyejifunza useremala kabla ya upigaji picha, akapewa na mjomba wake kamera ndogo ya Kodak Brownie, kisha mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwake. Kamera yake ya kazi ilitumia negativu za sentimita 13 kwa 18, pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika uani kwa mwanga wa mchana. Kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, mteja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Picha hizo, zilizopigwa kwa ajili ya watu waliotaka kuwatumia jamaa zao salamu, leo zimo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. "Kijana," anasema Fundi, "programu haiwezi kurudisha mwanga ambao haukufika usoni."

Mhariri anajibu

Mhariri anatanguliza shikamoo, kisha anapinga. Hoja yake ya kwanza ni ya kihistoria, na kwa kweli ni nzito kuliko Fundi alivyotarajia: uhariri wa uso una umri unaokaribia ule wa upigaji picha wenyewe. Njia ya Daguerre ya kutengeneza picha ilitangazwa Paris mwaka 1839. Kufikia maonyesho makubwa ya jiji hilohilo ya mwaka 1855, Mjerumani Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha picha ya mtu mmoja katika hali mbili, moja ikiwa imesahihishwa kwenye negativu na nyingine ikiwa haijaguswa, na umati ukastaajabu. Miaka miwili baadaye Oscar Rejlander, aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha zaidi ya negativu 30 kuwa picha moja. Studio za karne ya 19 na za sehemu kubwa ya karne ya 20 zilikuwa na mtu wa penseli, aliyejaza mikunjo juu ya negativu kwa ncha nyembamba, na wembe wa kukwangulia palipozidi, na picha nyingi za rangi za enzi ya mkanda mweusi na mweupe zilipakwa rangi kwa mkono. "Mzee," anauliza Mhariri kwa upole, "yule wa penseli alikuwa nani, kama hakuwa mhariri?"

Anaendelea kwa kuonyesha kwamba hata programu zenyewe zinakiri asili yao. Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kutolewa mwaka 1990, ina zana ya kuangaza sehemu ya picha yenye alama ya kijiti chenye kiduara, na zana ya kutia giza yenye alama ya mkono uliokunjwa. Alama hizo zimetoka katika chumba cha giza, mahali picha za mkanda zilipochapwa, ambako mchapaji alizuia mwanga usifike sehemu fulani ya karatasi kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya, au aliuruhusu upite katika tundu la kiganja chake ili sehemu nyingine iive zaidi. Anayesogeza kidole kwenye simu leo anafanya kazi ileile, ila bila harufu ya dawa.

Kisha analeta hoja ya faili ghafi. Kamera inaweza kuhifadhi picha kwa njia mbili: kama JPEG, ambayo ni picha iliyokwisha kupikwa na kubanwa, yenye ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi, au kama faili ghafi, ambalo ni vipimo vya kihisio cha kamera kabla havijapikwa, mara nyingi vyenye ngazi 16,384. Tofauti hiyo huonekana pale mtu anapojaribu kuufungua uso uliotoka na giza: JPEG hupasuka na kuonyesha mabaka ya rangi shavuni, ilhali faili ghafi huweza kuvutwa mbali kabla halijalalamika. Programu zinazosoma mafaili hayo, kama Lightroom ya kulipia na darktable ya bure, hazigusi faili lenyewe. Huandika pembeni maelekezo ya nini kifanyike, na mwanafunzi anaweza kurudi mwanzo wakati wowote. Kwa Mhariri, hii ndiyo shule bora kuliko zote zilizowahi kuwapo, kwa sababu kosa halina gharama.

Fundi anakubali historia lakini anakataa hitimisho. Mtu wa penseli, anasema, alikuwa amekwisha kusoma misuli ya uso na mwanga kwa miaka, na penseli yake ilikuja mwisho. Anayeanza na penseli hajui anachokisahihisha. Na faili ghafi halina muujiza: palipopigwa na mwanga kupita uwezo wa kihisio, kwa mfano ncha ya pua iliyogeuka nyeupe tupu, hakuna kipimo kilichobaki, na itakachofanya programu hapo ni kukisia.

Mpaka hapa pande zote mbili zinasema yaliyozoeleka. Mjadala unachukua sura nyingine Mhariri anapotamka kwamba picha isiyohaririwa haipo, na kwamba anayejisifu kuwa hakugusa chochote amekubali tu uhariri wa mtu mwingine.

Kipimo kilichowekwa kiwandani

Hoja hii inastahili kuchimbwa, hata kwa gharama ya kuwaacha wasemaji wasubiri. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimejengwa juu ya dhana kwamba eneo lote, likijumlishwa, hurudisha mwanga kama kijivu cha wastani, ambacho kwa desturi hutajwa kuwa ni kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokigonga. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe akisimama mlangoni, nyuma yake pakiwa na anga la mchana, kamera huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, na hupunguza; kanzu hutoka kijivu safi na uso hutoka kama kivuli kisicho na macho. Uso huohuo ukijaza fremu peke yake, au mwanamke aliyevaa buibui akipigwa mbele ya ukuta mweusi, kamera huona giza, hudhani mwanga umepungua, na huongeza. Ngozi iliyokuwa na kina hutoka imepauka kama iliyopakwa vumbi. Simu za leo hutambua nyuso na hupunguza makosa haya, lakini kwa kufuata mifano ambayo kiwanda kimeifundisha, na hapo ndipo swali la nani alikuwa mfano linapoibuka.

Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipatia maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na mashine zikasetiwa hadi ngozi yake itoke vizuri. Ngozi nyeusi haikuwa katika hesabu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2009, alieleza kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha mikanda ya Kodak ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani katika matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Mwandishi haoni haja ya kuongeza neno juu ya ukweli kwamba mbao na chokoleti vilisikilizwa mapema kuliko nyuso. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza simu yake ikiwa na mfumo uliorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, jambo ambalo ni la kheri, na ambalo pia ni ushahidi kwamba ule wa awali ulihitaji kurekebishwa.

Kutokana na hayo, Mhariri ameshinda katika msingi: kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki, kuhariri rangi na mwanga wa uso ni kuirudisha picha pale ambapo mtu alikuwa amekaa, kwa kuwa mashine ilimwondoa hapo bila kumuuliza. Ila ushindi huo unamrudisha mikononi mwa Fundi, kwa sababu marekebisho bora ya kosa hili hufanyika kabla ya kubonyeza. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho humwezesha mpigaji kuiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyokusudia. Kwenye simu nyingi, kugusa uso kwenye skrini na kuburuta kidole juu au chini hufanya kazi hiyohiyo. Yule wa kanzu nyeupe ahitaji kuongezewa. Yule anayejaza fremu ahitaji kupunguziwa. Wengi wanaoanza hawakijui kitufe hiki, na mwaka mzima huhangaika kwenye programu kurekebisha kosa linalotibika kwa sekunde moja.

Kuna jambo la pili ambalo Fundi analijua kwa mikono ingawa halielezi kwa kitabu. Ngozi nyeupe huonyesha umbo la uso hasa kwa vivuli. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'ao, yaani ule mwanga unaoakisiwa juu ya mfupa wa shavu, ukingo wa pua na mstari wa taya. Taa ndogo kali huufanya mng'ao huo uwe vidoa vyeupe vya jasho. Chanzo kipana, kama dirisha au ukuta wa chokaa, kikiwekwa ubavuni, huutandaza uwe ukanda laini unaochora uso mzima. Masomo mengi yanayosambaa huanza na mbinu za kuondoa mng'ao kwa poda na kwa programu, na mwanafunzi anayeyafuata kwa utiifu huondoa kilekile kilichokuwa kinamchora mtu.

Fundi hakosi jibu la mwisho katika sehemu hii. Anakumbusha kwamba mkono unaoweza kurudisha haki unaweza pia kuiondoa: mwezi Juni 1994 jarida la TIME la Marekani lilichapisha kwenye jalada picha ya polisi ya O. J. Simpson, mwanamichezo mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji, ikiwa imetiwa giza, wakati jarida la Newsweek liliichapisha picha hiyohiyo bila giza hilo, na zilipowekwa kwenye meza moja ya magazeti kila mpita njia aliona tofauti. Mhariri ananyamaza kwa muda.

Mwenye Sura anaingia

Anayevunja ukimya ni yule ambaye hakuna aliyemuuliza. Mwenye Sura anasema kwamba Mzee na kijana wamegombania uso wake kama watu wanaogombania kiwanja, na hati anayo yeye. Analeta mambo matatu.

La kwanza ni alama. Zana ya kuponya madoa, ambayo hufunika sehemu iliyochaguliwa kwa ngozi iliyonakiliwa kutoka jirani, haijui tofauti kati ya chunusi ya juzi na alama ya sijida kwenye paji la uso la mzee aliyesali maisha yake yote. Kwa programu vyote ni weusi mdogo juu ya ngozi. Programu zenye kusahihisha meno huziba mwanya, ambao kwa Waswahili ni pambo linalosifiwa, na hufanya hivyo bila kuuliza, kwa kuwa aliyezitengeneza aliona ni kasoro. Kovu la utotoni, chale za bibi wa Kimakonde, baka alilozaliwa nalo mtu: vyote hivi ndivyo ndugu zake wanavyomtambulia. Mafundi wana kanuni ya kazi isemayo kwamba kinachoweza kupona kwa wiki mbili kiondolewe na kinachobaki kiachwe, na Fundi na Mhariri wote wanaikubali. Mwenye Sura anaiona kuwa mwanzo mzuri, ila anauliza ni nani aliyeitunga bila yeye kuwapo.

La pili ni rangi. Filta nyingi za simu, yaani mipangilio iliyotayarishwa ambayo hubadilisha picha kwa mguso mmoja, hulainisha ngozi na kuipandisha weupe kwa pamoja, na anayetaka kulainisha tu hupewa weupe bila kuomba. Hapa Mhariri anatoa elimu yenye faida. Katika picha iliyopimwa vizuri, rangi ya msingi ya ngozi ya binadamu, awe mweusi au mweupe, huangukia eneo lilelile finyu lililo kati ya nyekundu na njano; kinachotofautisha watu zaidi ni kiasi cha mwanga na ukolezi. Kwa hiyo kurekebisha ukijani uliotoka ukutani na kumfanya mtu mweupe ni kazi mbili tofauti, zenye vitufe viwili tofauti, na mhariri anayezichanganya hawezi kusingizia ugumu wa programu. Vilevile ipo mbinu ya kutenganisha picha katika tabaka mbili, moja ikibeba vinyweleo na matundu ya ngozi na nyingine ikibeba rangi na mwanga mpana, ili baka la rangi lirekebishwe bila kufuta ngozi yenyewe. Ikitumiwa kwa kiasi haionekani. Ikizidi, mtu hutoka na ngozi ya mdoli wa plastiki.

La tatu linawashangaza wote wawili, kwa sababu Mwenye Sura hadai ukweli. Anadai uamuzi. Anakumbusha kwamba watu wa pwani hawajawahi kwenda studio ili waonekane kama walivyoamka. Studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ziliwapokea watu waliokuja na nguo zao bora. Na Mjerumani Heike Behrend ameandika kwa kirefu juu ya wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, ambao katika miaka ya 1990 walisimamisha vibanda vya studio vilivyopambwa na kuwapa wasafiri mandhari ya safari za kufikirika. Aliyesimama mbele ya pazia la namna hiyo hakudanganywa, kwani alilichagua. "Mzee, ukinipiga na mikunjo yangu kwa sababu wewe unapenda mikunjo, hapo umenipiga mimi au umejipiga mwenyewe?" anauliza Mwenye Sura, na swali hilo linamgusa kila mpenda picha nyeusi na nyeupe za wazee.

Mhariri anaharakisha kuuliza: je, mwenye uso akiomba mwenyewe afanywe mweupe? Mwenye Sura anasita, kisha anajibu kwamba mwenye duka la studio huenda akalazimika, maana anakula kwa hiyo kazi, ila asiyelipwa ana uhuru wa kusema hapana na kueleza kwa nini, na mwenye uso ana uhuru wa kwenda kwingine.

Uzito wa ridhaa

Jibu hilo ndilo linalogusa kiini cha jambo, ingawa vitabu vya mafunzo hulipita kando. Mpiga picha wa ridhaa mara nyingi huonekana kama fundi ambaye hajakamilika, anayengoja siku atakayopata mteja. Historia haikubaliani na mtazamo huo. Julia Margaret Cameron, aliyezaliwa Calcutta, alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwezi Desemba 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Wataalamu wa siku zake walimlaumu kwa ukungu wa picha zake na alama za vidole kwenye vioo vyake vya negativu, lakini picha alizowapiga wanasayansi John Herschel na Charles Darwin zimewazidi umri wakosoaji wake. Aliweza kung'ang'ania njia yake kwa sababu hakuwa na foleni ya wateja mlangoni. Haki itendeke pia kwa waliokaa mbele yake: walilazimika kutulia kwa dakika kadhaa bila kutikisika, akiwamo mtumishi wake Mary Hillier, aliyeitwa tena na tena. Hata uhuru wa ridhaa hulipiwa na mtu, na mara nyingi ni yule asiyeshika kamera.

Kwa mtazamo wa mwandishi, basi, mpangilio wa masomo unafuata kutoka hapa. Mwanafunzi asiye na mteja hana sababu ya kukimbilia zana zinazookoa muda, kwa kuwa muda ndio mali aliyonayo kuliko fundi wa duka. Atumie mtu mmoja aliye tayari, dirisha moja na umbali wa mita moja na nusu, hadi aweze kutabiri picha itakavyotoka kabla ya kubonyeza. Ajifunze kuongeza na kupunguza mwanga kwa kuangalia uso, asiangalie kanzu. Programu iingie mapema, lakini kwa kazi ya mwanga na rangi tu; Snapseed na darktable hazilipiwi, na zinatosha. Kuhusu kamera na lenzi ghali, mada inayopendwa mno vijiweni, hakuna la kusema zaidi ya kwamba Keïta alianza na Brownie.

Zana zinazobuni nyuso kwa akili bandia zinaweza kupewa aya fupi tu. Mwezi Aprili 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa tuzo ya mashindano ya picha ya Sony baada ya kufichua kwamba picha yake iliyoshinda, ya wanawake wawili, ilizalishwa na kompyuta. Majaji hawakuwa wajinga. Picha ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa kama ameridhika, na katika ufundi ambao umejengwa juu ya watu wawili kutazamana kupitia kioo, kukosekana huko kunazitoa zana hizo nje ya mada.

Kuhusu ruhusa, Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini adabu ya kazi inadai zaidi ya sheria: aliyepigwa picha aonyeshwe picha kabla na baada ya kuhaririwa, zikiwa bega kwa bega, na aseme mwenyewe ipi iende kwa watu na ipi ifutwe. Fundi anakubali hilo bila masharti. Mhariri anakubali kwa shingo upande, kwa kuwa anajua wengi watachagua ile ya kwanza.

Wanaoendesha mafunzo ya upigaji picha, iwe ni katika vilabu vya shule au madarasa ya jioni, wanaombwa wapange somo la kipimo cha mwanga kwa ngozi nyeusi siku ya kwanza, wamlete darasani mtu wa kupigwa na wampe haki ya kusema, na zana ya kulainisha ngozi waiache iwe somo la mwisho. Na muhula ukiisha kabla somo hilo halijafikiwa, mwanafunzi hatakuwa amekosa kitu.